Mzaha Wangu wa Siku ya Arobaini

Kwetu pwani hii babu akimtania mjukuu hakuna wa kumkataza. Mjukuu wa kike ni mke wangu. Naruhusiwa kumwambia mbele ya watu kwamba anapika ovyo, kwamba ana miguu ya korongo, na kwamba mwanamume aliyemwoa ni mwizi aliyeniibia mchana kweupe. Naye anaruhusiwa kuniambia kwamba nimezeeka bure, kwamba sina jino la kutafunia korosho, na kwamba nikifa ataolewa upya udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Baba yake mzazi hathubutu kumwambia hata robo ya hayo. Na anayetaniwa hakasiriki. Akikasirika ameshindwa yeye.

Naeleza haya mapema ili msomaji ajue kwamba siku nilipomuumiza mjukuu wangu sikuvunja mila yoyote. Niliifuata vizuri kabisa, na watu wakanisifu.

Mjukuu huyo ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ualimu aliusomea miaka ile tuliyokuwa tumekimbia vita, akidurusu chini ya turubai huku bibi yake akipika nje na mvua ikiingia ndani. Tuliporudi alipewa darasa la pili, watoto sitini na kitu wanaomwita Sinyora, na akalipenda kama watu wengine wanavyopenda shamba. Mumewe ana kazi Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipokaribia siku zake alihamia kwetu, kwangu mimi na kwa bibi yake.

Mtoto alizaliwa mkubwa, kichwa kama boga, na alitoka kwa pupa. Mama akachanika vibaya, mpaka kwenye ule msuli wa nyuma unaofunga na kufungua njia ya haja kubwa. Hospitali walimshona. Nesi mkunga alimweleza kwamba nyuzi zingeshika lakini msuli ungechukua muda kuikumbuka kazi yake, wiki nyingi, pengine miezi. Ale vitu vya kulainisha choo, anywe maji kwa wingi, afanye mazoezi ya kuubana na kuuachia msuli ule, na arudi kuonwa.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mjukuu wangu kachanika, kashonwa, na kwamba sina ruhusa ya kuuliza zaidi. Nyumbani bibi yake alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa kanga, akamnywesha uji wa pilipili manga mpaka jasho likamtoka masikioni. Kazi yangu mimi ilikuwa kumbeba kitukuu na kumweleza kwamba anafanana na mwizi.

Siku ya arobaini wanawake wa mtaa walijaa uani. Kulikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mjukuu wangu alitoka ndani amevaa kanga mpya, wanja machoni, amependeza kweli, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu ili anikabidhi mtoto mbele ya watu. Akainama. Alipoinama, upepo ukamtoka.

Haukuwa ule wa kuponyoka kwa siri ambao kila mtu humsingizia mbuzi. Huu ulipanda, ukakaa juu kidogo, kisha ukashuka. Vijiko vikasimama. Halafu wanawake wote wakanigeukia mimi, maana mtani wake nilikuwa mimi, na neno lilikuwa langu.

"Mke wangu," nikasema, "mwanao ameshatoka siku arobaini zilizopita. Huyu mwingine anayebisha hodi ni nani?"

Loo! Jirani yetu mmoja alimwaga sahani nzima ya wali. Mwingine alishika nguzo ya ukumbi akaililia. Mjukuu wangu naye alicheka, tena akanijibu papo hapo: "Ni wewe, babu, umechoka uzee, unataka uzaliwe upya!" Wakacheka mara ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Jibu lilikuwa zuri, na mimi nikamvulia kofia. Akaniwekea mtoto mapajani, akaingia ndani, na hakutoka siku tisa.

Siku hizo tisa mimi nilikuwa na furaha sana. Baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani pa msikiti nikawasimulia wenzangu. Kesho yake akaja mmoja ambaye hakuwepo, nikasimulia tena. Kila nilipokisimulia kisa kiliboreka. Mara ya nne upepo ule ulikuwa umeshatikisa vyombo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mjukuu wangu alikula mara moja kwa siku, ugali mkavu wa muhogo, donge dogo kama la mtoto. Maharage alikataa. Mboga alikataa. Maji aliyanywa kwa kulamba, kama paka. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kisichoingia hakitatoka. Kikawa hakitoki kweli, na kilipotaka kutoka akawa analia chooni, na bibi yake akawa anasimama nje ya mlango wa makuti anamwambia pole mwanangu, usikamue, usikamue. Sala alikuwa ameshaanza tena, lakini udhu wake haukukaa. Alitawadha mara nne kwa sala moja, kisha akasali chumbani peke yake.

Siku ya kumi bibi yake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba likizo ya uzazi imekaribia kwisha na mjukuu wetu amesema harudi shuleni. Anataka kwenda kwa mkurugenzi wa shule kuacha kazi.

"Kuacha kazi?" nikasema. "Kwa sababu gani?"

"Atasimamaje mbele ya watoto sitini?"

Mimi nikapandwa na hasira. Nikasema huyu ana maringo, na maringo ameyarithi kwake yeye, bibi yake. Mzaha mdogo wa babu, mtu anajifungia kama mwali! Nikasema nimeoa mwanamke ambaye harusini haendi, maulidini haendi, ngomani haendi, watu wanatandika mikeka yeye anabaki nyumbani na udhuru wa kuku wanaotaga. Sasa amenizalia ukoo mzima wa wenye maringo.

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Siendi harusini tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu zamani."

"Zamani gani? Tulipooana sikuwa naenda?"

Nikafikiri. Tulipooana alikuwa anacheza mpaka kanga inadondoka.

"Ulikuwa unaenda."

"Basi hesabu vizuri, wewe uliyesoma sekondari. Niliacha nilipomzaa mama yake huyu. Nilichanika kama yeye. Mimi sikushonwa. Nikikaa mkekani na wenzangu sijui kitatoka nini na kitatoka saa ngapi. Miaka yote hii nafua vitambaa kabla hujaamka."

Akarudia nazi yake. Krr, krr, krr.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nikwambie wewe? Ukasimulie msikitini?"

Ikanijia njia ya kutoka shambani kwetu Mute. Mtoto wetu wa kwanza, huyo mama yake, alikuwa bado ananyonya. Tulikuwa tunarudi nyumbani, yeye kajitwika muhogo na mtoto mgongoni, mimi nina jembe tu. Katikati ya njia akasimama ghafla, akasema tumbo limemsaliti. Niliona kanga yake. Nikakunja pua, nikamwambia aende akajisafishe bondeni, kisha nikatangulia. Nilitembea kwa kasi ili watu wanaokuja wasinione niko naye. Jioni hatukulizungumza, wala kesho, wala miaka arobaini na kitu iliyofuata. Mimi nililisahau. Yeye alikuwa anafua.

Jambo la kwanza nililoamua ni kumwomba radhi mjukuu wangu. Hapo nikagundua kwamba mila iliyonipa ruhusa ya kutania haikunipa njia ya kuomba msamaha. Hakuna anayeomba radhi kwa utani. Ni sawa na kuomba radhi kwa sababu umesalimia. Nikasimama nje ya pazia la chumba chake, nikakohoa, nikasema, "Mjukuu wangu, ule mzaha wa arobaini..."

"Utani haukasirikiwi, babu," akajibu kutoka ndani.

"Najua. Lakini mimi nimekosa."

"Hujakosa. Watu walicheka."

"Ndiyo maana nimekosa."

Mtoto akakorota. Nikaona nikirudi kitini kwangu basi, mwalimu amepotea. Nikaamua kujishusha mpaka chini kabisa.

"Unajua kwa nini msikitini nasali mlangoni, safu ya mwisho?"

"Unapenda upepo wa bahari. Si umesema hivyo kila mwaka?"

"Upepo wa bahari uongo. Mkojo unanidondoka. Nikisujudu unatoka, matone mawili, matatu. Nakaa mlangoni ili nikatawadhe tena bila mtu kujua. Imamu ananisifu kwamba nawaachia wengine safu ya mbele."

Nikasikia kama mtu anakohoa. Halafu nikajua hakohoi. Alicheka mpaka mtoto akaamka, na pazia likafunguka, nikauona uso wake umekonda, macho makubwa.

"Matatu tu, babu?" akasema. "Mimi natoa na sauti."

Asubuhi ya pili nilimsindikiza hospitali kwa yule nesi mkunga. Bibi yake alikataa kuja. Alisema yeye alishavunda, hana cha kutengenezwa. Nilikaa nje kwenye benchi na kitukuu. Mjukuu wangu aliporudi alikuwa amekaripiwa na amefarijika, yote mawili. Mshono umeshika vizuri. Ila huko kujinyima chakula ndiko kunakomharibia: choo kikiwa kigumu anakamua, akikamua analegeza tena anachotaka kukikaza. Ale papai, matembele na maharage, na anywe maji. Na yale mazoezi, ambayo hajayafanya hata siku moja kwa woga kwamba nyuzi zitakatika, ayaanze leo. Abane kama mtu anayezuia upepo, avute juu, ashikilie kidogo, aachie, apumzike. Mara kumi, mara tatu kwa siku.

"Tatizo sijui kama nabana penyewe," akaniambia njiani. "Nikibana, nabana kila kitu. Meno, mabega, vidole vya miguu. Na nikianza kuhesabu napotea."

Sasa, mimi ujanani nilifanya kazi bandarini Mocímboa da Praia. Kazi yangu haikuwa kubeba. Nilikuwa yule mtu anayesimama ukingoni mwa sitaha, mkono juu, anampigia kelele mwendesha winchi ambaye kutoka alipo haoni kitu shimoni mwa meli. Nikisema vira, anapandisha mzigo. Nikisema simama, mzigo unaning'inia. Nikisema aria, anashusha. Miaka kumi na minne nimeinua na kushusha magunia ya korosho kwa maneno hayo matatu. Nikamwambia mjukuu wangu, wewe huoni shimoni, na huhitaji kuona. Wewe kaa kwenye winchi. Kelele nitapiga mimi.

Alasiri ile tukatandika mkeka uani. Bibi yake alikuwa pembeni anachambua mchele, anajifanya hatuoni.

"Vira!" nikasema.

Mjukuu wangu akapandisha mabega mpaka masikioni.

"Mabega si mzigo! Aria. Tuanze upya. Vira, pole pole, pole pole... simama! Aria."

Mara ya tano akanitazama kwa mshangao. "Babu, nimeuona. Umesogea."

"Mdogo?"

"Kama mkia wa mjusi."

"Unatosha. Vira!"

Nikasikia ungo umewekwa chini. Bibi yake akaja, akaketi mwisho wa mkeka bila kumtazama mtu, akajitandaza kanga miguuni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na mzaha mdomoni na nikaumeza. Nikasema tu, "Wote watatu. Vira," kwa kuwa nesi alikuwa amemwambia mjukuu wangu kwamba hata mzee wa matone anafaidika.

Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri tulikuwa watu wazima watatu tumekaa wima juu ya mkeka, nyuso zimekazwa, hatusemi, hatusogei, mmoja anaamrisha mzigo usioonekana. Yule jirani aliyemwaga wali alichungulia juu ya ua siku moja, akatutazama muda mrefu.

"Mnasoma nini?" akauliza.

"Tunapakia korosho," mke wangu akajibu, na hakufungua macho.

Hapo nilikosea tena. Mtu aliyezoea bandari anaamini mzigo unaoning'inia muda mrefu ndiyo ushujaa. Nilikuwa nawaambia simama, kisha nasahau aria. Nilihesabu mpaka thelathini. Nyuso zao zilivimba, pumzi walizishika kama wapiga mbizi, na mimi mwenyewe niliona nyota mchana. Baada ya wiki mjukuu wangu akaanza kuumwa kiuno na hali ikarudi nyuma. Siku mbili mfululizo alichafua kanga. Akasema ameshajua, haitapona, na bado siku kumi na mbili shule imwite.

Safari hii nesi aliniita ndani na mimi.

"Mzee ndiye mwalimu wa mazoezi?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unapakia meli au ulikuwa unazizamisha?"

Alinieleza kama anavyoelezwa mtoto. Msuli unaobanwa bila kuachiwa unachoka, na uliochoka haushiki kitu. Kuvuta juu, kuhesabu mpaka tano huku unapumua, kushusha mpaka chini kabisa, kisha kupumzika muda uleule. Kushusha ni nusu ya kazi. Na mjukuu wangu asijihesabie siku. Wengine huchukua miezi sita, wengine zaidi, na isipotosha ziko njia nyingine, asikae nyumbani kusubiri. Mimi nikasema ndiyo, ndiyo, kofia mkononi. Kosa lilikuwa langu na nilimwambia mjukuu wangu hivyo pale pale, mbele ya nesi, kabla hajajilaumu mwenyewe.

Tukaanza upya na aria ndefu. Papai likaliwa. Maharage yakarudi, kidogo kidogo, kama mgeni anayepiga hodi mbali. Mimi nikaenda barazani pa msikiti, nikawaambia wenzangu kwamba kile kisa nilichowachekesha nacho kilikuwa kisa kibaya, na nisingependa kukisikia tena. Wakacheka wakidhani ni mwanzo wa kingine. Nikawaeleza msuli, nikawaeleza matone yangu. Hawakucheka. Walitazama bahari. Lakini tulipoinuka, mzee mmoja mkali, ambaye hajanisalimu vizuri tangu tugombane kuhusu mpaka wa minazi, alinivuta kanzu akaninong'oneza: "Huo uviraji wako unafanywaje?"

Mke wangu bado haendi harusini. Anasema huenda akaenda, na huenda asiende. Vitambaa vimepungua. Asubuhi navifua mimi, vibaya, na yeye huvifua tena nikiondoka.

Siku ya shule ilifika na mjukuu wangu hakuwa amepona. Alikuwa nafuu tu. Choo aliweza kukizuia akikimbia mapema; upepo bado ulikuwa na akili yake. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, mwanamke aliyezaa sita, akaomba darasa lililo karibu na choo na ruhusa ya kutoka bila kuuliza. Mkurugenzi akampa vyote viwili, na akamuuliza anuani ya nesi. Asubuhi ile akatia kanga ya akiba mkobani, akamnyonyesha mtoto, akasimama mlangoni.

"Nisiende, babu?" akaniuliza.

Nilitaka kumtania, kwa kuwa ndiyo njia pekee niliyofundishwa ya kumpa mtu moyo. Nikamwambia tu, "Mimi naogopa kama wewe." Akaenda.

Sikumbuki asubuhi ndefu kama ile. Mke wangu alifagia ua mara tatu. Saa sita na nusu tukamwona anakuja, mwendo wa kawaida, kanga aliyotoka nayo ndiyo aliyorudi nayo. Akakaa ukumbini, akavua viatu, akamchukua mtoto.

"Enhe?" bibi yake akasema.

"Nimetoka mara moja, nimewahi."

"Na ule mwingine?"

"Ule umetoka. Chaki ilianguka, nikasahau, nikainama."

Mke wangu akajishika kichwa.

"Darasa zima wakaanza kumnyooshea kidole mmoja wa dawati la nyuma," mjukuu wangu akaendelea. "Kila siku wanamsingizia yeye. Akaanza kulia. Nikaona siwezi. Nikawaambia, nyamazeni, ni mimi. Samahani. Nimejifungua juzi, mwili bado haujapona."

"Wakasemaje?"

"Hawakuniamini, bibi! Wamesimama kunitetea. 'Sinyora anamhurumia tu! Sinyora hajambi!' Nikaapa. Wakakataa. Ikabidi niendelee na kujumlisha."

Akacheka, akaegemea ukuta, na machozi yakamtoka kidogo. Kisha akauliza kuna chakula gani. Bibi yake akasema wali na maharage, lakini kama anaogopa kesho, kuna muhogo.

"Maharage," akasema. "Kesho nina somo la kutoa."